Leeuwenhoek: Muuza vitambaa aliyeona bakteria katika ukoga wa meno

ANTONIE van Leeuwenhoek hakuwa tabibu wala hakusoma chuo kikuu. Alikuwa muuza vitambaa katika mji wa Delft, Uholanzi, alikozaliwa Oktoba 24, 1632. Hata hivyo, ndiye mtu wa kwanza kueleza bakteria waishio katika ukoga wa meno.

Akiwa na umri wa miaka 16 alipelekwa Amsterdam kujifunza biashara hiyo, ambayo watu wake hutumia vioo vya kukuzia kukagua nyuzi. Baadaye akaanza kusaga lenzi zake mwenyewe, nyingine zikikuza kitu zaidi ya mara 200. Siri ya zile bora hakumfunulia mtu.

Mwaka 1676 aliwaandikia wanasayansi wa Chama cha Kifalme cha London kuhusu viumbe vidogo alivyoviona majini. Wengi walimtilia shaka, naye hakujua Kilatini wala hakuwa na shahada ya kumkinga. Jina lake liliokolewa mwaka 1677, pale Robert Hooke aliporudia jaribio hilo na kuviona viumbe hivyo. Mwaka 1680 chama hicho kilimchagua kuwa mwanachama.

Barua yake ya Septemba 17, 1683 ilihusu kinywa. Alikuwa na desturi ya kusugua meno kwa chumvi kila asubuhi, na alijivunia weupe wake. Lakini katikati ya magego alikuta utando mweupe, mzito kama uji. Alipouchanganya na maji ya mvua na kuutazama, aliona viumbe vikienda huku na huko. Akachukua pia ukoga wa mzee ambaye hakuwahi kusafisha meno maishani mwake (inahitaji ujasiri kumwomba mtu kitu kama hicho), na humo vilijaa tele.

Ukoga wa aina hiyo ukiachwa, kalsiamu na fosfeti za kwenye mate huugeuza kuwa mgumu kama jiwe, na hapo mswaki haufui dafu. Madini hayo hayo hujenga vijiwe katika mirija ya tezi za mate. Kazi ya madini hayo Leeuwenhoek hakuifahamu.

Alifariki dunia Delft, Agosti 26, 1723, akiwa na umri wa miaka 90. Aliiachia London hadubini 26 za fedha, ambazo baadaye zilipotea.