Mtakatifu Fransisko na Ndege wa Mpunga



Nalea watoto wa Utoto Mtakatifu kwenye kigango kimoja huku Kyela. Siku moja tulikuwa tunaongelea kereng'ende, wale ambao watoto huwafunga uzi na kuwarusha kama ndege ya abiria. Nikasema viumbe vidogo navyo ni vya Mungu. Mtoto wa darasa la tatu akauliza: je, na ndege wanaomaliza mpunga wa bibi yake, ambao yeye hutumwa kuwaamia asubuhi na jioni, nao awaonee huruma? Jamani! Huku mpunga ndio sare na daftari.

Ikabidi nirudi kwa Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Tumezoea kumwona kwenye picha na ndege begani, tukadhani alizaliwa hivyo. Wala.

Alizaliwa Italia mwaka 1181 au 1182, mtoto wa mfanyabiashara wa vitambaa mwenye hela zake. Ujana wake ulikuwa wa starehe, nguo kali na ndoto za kuwa askari shujaa. Mwaka 1202 mji wake ulipigana na Perugia ukashindwa, naye akakaa kifungoni karibu mwaka mzima. Kilichomgeuza hakikuwa ndege wala maua. Walikuwa wagonjwa wa ukoma, watu aliowaonea kinyaa hata nyumba zao akazipita mbali ameziba pua. Katika wosia wake alieleza kwamba toba yake ilianzia kwao. Alianza na binadamu mwenzake aliyetupwa nje ya mji, na huruma ile ikashuka mpaka kwa nyungunyungu.

Ndiyo, nyungunyungu. Thomas wa Celano, ndugu wa shirika lake aliyeandika maisha yake miaka michache tu baada ya kifo chake, anasimulia kuwa Fransisko aliwaokota njiani na kuwaweka pembeni wasikanyagwe. Msimu wa baridi alitaka nyuki wapelekewe asali au divai nzuri wasife. Ndugu wa kukata kuni aliwakataza kuumaliza mti wote, ili uweze kuchipua tena. Kwenye ziwa la Rieti mvuvi alimpa samaki mkubwa aliye hai. Akampokea kwa furaha, akamwita ndugu, kisha akamrudisha majini. Wavuvi wetu wa Matema sijui wangesemaje!

Ila Fransisko huyohuyo hakukataza nyama wala samaki. Kanuni yake, iliyothibitishwa na Papa Honorius III mwaka 1223, iliwaruhusu ndugu kula chochote walichoandaliwa. Katekisimu nayo inafundisha kwamba wanyama tunaweza kuwatumia kwa chakula na mavazi, lakini kuwatesa au kuwaua bila sababu kunaishusha hadhi yetu sisi wenyewe.

Basi nikamwambia apige debe, apige kelele, awafukuze wote. Mpunga ni wa bibi. Ila manati ya kumpiga ndege aliyetulia zake kwenye mwembe, ambaye hata haliwi, hiyo aiweke chini. Akafikiri, akauliza kuhusu anayenaswa kwenye mtego. Tukakubaliana: kama ni wa kuliwa, auawe upesi, asichezewe kwanza.

Na msidhani Fransisko alifurahia kila kiumbe kilichomsogelea. Mwaka 1225, mgonjwa na karibu kipofu, alilala kwenye kibanda kule San Damiano, panya wakimpita juu ya mwili usiku na kumpandia mpaka mezani. Ilimtesa kweli. Ni katika kipindi hichohicho alitunga Wimbo wa Viumbe.

Alifariki jioni ya tarehe 3 Oktoba 1226. Ndugu zake wanasimulia kwamba giza lilipoanza kuingia, wale ndege wadogo wa mashambani, wanaopenda mwanga na kuimba alfajiri, walikuja kwa wingi wakazunguka juu ya paa la nyumba alimolala, wakiimba.