Joginder Singh: Fundi wa Kericho aliyejua thamani ya kufika

Abiria anayepanda gari Bujumbura kuelekea Rumonge na Nyanza-Lac, kando ya Ziwa Tanganyika, hutaka mambo mawili: kufika mapema na kufika salama. Kuyapatanisha hayo mawili ndiko kulikomjengea jina Joginder Singh, dereva wa Kenya aliyeitwa Simba.

Alizaliwa Kericho mwaka 1932 katika familia ya Masingasinga na akajifunza ufundi wa magari katika gereji ya babake jijini Nairobi. Alianza kushiriki mbio za Safari mwaka 1959. Mwaka huohuo kampuni ya Volvo ya Sweden ilianza kufunga katika magari yake, likiwemo PV544, mkanda wa kiti unaoshika bega na kiuno, uliobuniwa na mhandisi Nils Bohlin. Volvo iliwaruhusu watengenezaji wengine kuutumia ubunifu huo.

Mwaka 1965, Joginder na nduguye Jaswant walishinda Safari kwa PV544 kuukuu, lililokwisha kutumika katika mbio hizo mwaka uliotangulia. Lilikuwa gari lenye bodi imara na injini ya kadiri. Mwaka 1974 aligeukia falsafa nyingine. Akiwa ndani ya Mitsubishi Colt Lancer, gari dogo na jepesi, alimshinda Björn Waldegård aliyeendesha Porsche 911 yenye injini kubwa zaidi. Alishinda tena mwaka 1976, akawa dereva wa kwanza kutwaa taji hilo mara tatu. Katika mbio 22 za Safari alizoanza, alimaliza 19.

Hata hivyo, uimara wa kustahimili mashimo si sawa na usalama wakati wa ajali. Gari gumu lisilobonyea humrushia abiria nguvu yote ya mgongano. Ndiyo maana Béla Barényi wa Mercedes-Benz alibuni gari ambalo sehemu zake za mbele na nyuma hujikunja ili kuumeza mshindo, huku chumba cha abiria kikibaki kigumu. Lakini chumba hicho hakimsaidii sana mtu asiyefunga mkanda, kwa kuwa gari likisimama ghafla, mwili wake huendelea mbele kwa kasi ileile.

Joginder alifariki London mwaka 2013. Magari yamebadilika tangu enzi zake, lakini katika barabara ya Nyanza-Lac, kama katika Safari, mwendo wa kasi hauna faida kwa asiyefika.