Samuel Johnson: Alinyimwa kazi ya ualimu kwa ajili ya uso wake, akawaandikia Waingereza kamusi

MWAKA 1735 wasimamizi wa shule ya Solihull, katikati ya Uingereza, walipokea ombi la kijana wa miaka 25 aliyetaka kuwa mwalimu wao. Walikubali kwamba ni msomi hodari. Hata hivyo walimkataa kwa sababu mbili: alisemwa kuwa na kiburi, na uso wake ulikuwa ukijikunja wenyewe, wakahofu kwamba watoto wangeathirika kwa kumtazama. Miaka 20 baadaye kijana huyo, Samuel Johnson, alitoa kamusi ya Kiingereza ambayo taifa lake lililitegemea kwa zaidi ya karne moja.

Wafanyabiashara wenzetu wataielewa haraka nyumba aliyotoka. Johnson alizaliwa Septemba 1709 katika mji wa Lichfield, juu ya duka la baba yake, Michael, aliyeuza vitabu na kupeleka bidhaa zake kwenye magulio ya miji jirani. Mtoto alianza maisha na mkosi. Alipata kifua kikuu cha tezi kilichomharibu macho na kumwachia makovu shingoni. Alipokuwa na miaka miwili na nusu, mama yake alimpeleka London aguswe na Malkia Anne, kwa maana watu wa wakati ule waliamini kwamba mkono wa mfalme huponya. Hakupona.

Baadaye likaja jambo jingine. Kichwa kilimtikisika, mikono ilicheza bila kutumwa, na mdomoni zilimtoka sauti, mara mluzi, mara mlio kama wa kuku. Alipofika mlangoni aliweza kuzungukazunguka na kuhesabu hatua kabla ya kuvuka kizingiti. Wapo waliomwona mara ya kwanza wakadhani ni punguani, mpaka alipoanza kuzungumza.

Wakati wake hali hiyo haikuwa na jina. Mwaka 1885, miaka 101 baada ya kifo cha Johnson, daktari Mfaransa Georges Gilles de la Tourette aliandika habari za wagonjwa tisa wa namna hiyo, na hali ikaitwa kwa jina lake. Madaktari wa siku hizi, wakisoma jinsi rafiki zake walivyomweleza, wengi wao huamini kwamba Johnson alikuwa nayo. Ni hali ya ubongo na neva inayoanza utotoni. Haiambukizi na haipunguzi akili. Mtoto anaweza kuizuia mishtuko kwa muda mfupi, kama mtu anavyozuia chafya, lakini hatimaye hutoka, na hofu au uchovu huizidisha.

Je, mtoto kama huyo alisomeshwa wapi?

Mwalimu wake wa kwanza alikuwa mjane, Bibi Anne Oliver, aliyefundisha watoto wadogo kusoma. Siku moja aliyezoea kumchukua alichelewa, na Samuel akaondoka peke yake, akiinama na kutambaa ili auone mfereji kabla ya kuuvuka. Bibi Oliver alimfuata kwa mbali, asije akaanguka. Mtoto alipogundua analindwa alikasirika, akamrudia na kumpiga. Mwalimu hakumfukuza. Miaka mingi baadaye, Johnson alipokuwa akienda chuo kikuu, bibi huyo alimletea mkate wa tangawizi kumuaga, akimhesabu kuwa mwanafunzi bora aliyepata kumfundisha.

Alipofika miaka saba aliingia shule ya mji, ambako Kilatini kilifundishwa kwa bakora. Mwalimu mkuu, John Hunter, alijua kazi yake, lakini aliwachapa sawasawa mtoto asiyejua na mtoto mvivu. Wanafunzi wenzake ndio waliomtendea vizuri. Walitambua kuwa anawazidi wote, na asubuhi watatu kati yao walikuwa wakija nyumbani kumchukua, mmoja akimbeba mgongoni.

Shule iliyomfaa zaidi haikuwa shule. Akiwa na miaka 16 alikwenda kumtembelea binamu yake Cornelius Ford, mtu msomi aliyekaa karibu na Stourbridge. Ford hakushughulika na mishtuko yake. Alizungumza naye kama mtu mzima, akasoma naye, akabishana naye. Matembezi ya siku chache yakawa miezi, na aliporudi Lichfield shule ilikataa kumpokea. Alimalizia miezi kama sita katika shule ya Stourbridge, kisha akakaa miaka miwili dukani kwa baba yake, akisoma kila kitabu kilichomjia mkononi. Mwaka 1728 alipofika Chuo Kikuu cha Oxford, walimu walishangaa kwamba kijana wa duka amesoma vitabu ambavyo wengi wao hawakuwa wamevifikia.

Duka hilo pia lilimwachia jeraha. Siku moja baba yake aliugua, akamwomba aende gulio la Uttoxeter kusimamia meza ya vitabu. Samuel, kwa majivuno ya usomi, alikataa. Miaka kama 50 baadaye, akiwa mzee maarufu, alirudi Uttoxeter na kusimama pale meza ilipokuwa, kichwa wazi, mvua ikimnyeshea, akitubu.

Oxford alidumu miezi 13 tu, fedha zikaisha. Kwa kukosa shahada na kwa ajili ya mishtuko yake, milango ya ualimu ikafungwa. Alipofungua shule yake mwenyewe huko Edial alipata wanafunzi wachache, nao walimwiga na kumcheka. Ilifungwa. Mwaka 1737 aliondoka kwenda London pamoja na mmoja wa wanafunzi hao, David Garrick, aliyekuja kuwa mwigizaji mkubwa kuliko wote Uingereza.

London ilimpa kalamu, na karatasi haiutazami uso wa mwandishi. Mwaka 1746 wauza vitabu waliafikiana naye kwa pauni 1,575 aandike kamusi, na mwaka 1755 ilitoka ikiwa na maneno zaidi ya 42,000. Oxford iliyomtoka mkononi ilimtunukia shahada.

Hakusahau maana ya kufunguliwa mlango. Nyumbani kwake aliishi Francis Barber, Mwafrika aliyezaliwa utumwani Jamaika. Johnson alimlipia karo ya shule kwa miaka kadhaa, ingawa Barber alikuwa tayari mtu mzima, na alipofariki Desemba 1784 alimwachia sehemu kubwa ya mali yake. Barber alihamia Lichfield, kisha akafungua shule ndogo katika kijiji cha Burntwood, jirani na Edial ambako shule ya Johnson ilikufa.

Mzazi anayevuka mpaka alfajiri na kurudi usiku huenda ana mtoto anayepepesa macho, kukunja shingo au kutoa mlio darasani, naye anachapwa kwa utundu au kusemwa kuwa ana majini. Mpeleke hospitali kwanza. Kisha, unapotafuta shule, usitazame majengo peke yake. Kaa na mwalimu umweleze hali ya mtoto, halafu umuulize: atamruhusu atoke nje kidogo mishtuko inapozidi? Atamwongezea muda wa mtihani? Atawaeleza wenzake ili wasimcheke? Akijibu kwamba dawa yake ni bakora, ondoka na mtoto wako. Johnson alipita kwa walimu wengi, na waliomfaa ni wale waliokuwa radhi kumfuata kwa mbali na kumsikiliza anasema nini.