Louis Pasteur na Divai

Louis Pasteur alizaliwa Ufaransa katika mwaka wa 1822, naye alikuwa mtoto wa mtengenezaji ngozi. Siku zile divai nyingi iliharibika mapipani. Nyingine iligeuka siki, nyingine ikawa chungu, na wenye mashamba ya mizabibu wakapata hasara kubwa. Katika mwaka wa 1863 Kaisari Napoleon III alimwagiza Pasteur atafute sababu yake. Basi alikwenda Arbois, mji aliokulia, akaichungua divai kwa hadubini, akaona vidudu vidogo mno vilivyo hai. Hata chachu yenyewe ina uhai. Ikikuta sukari iliyobaki katika divai tamu, huichachusha tena.

Pasteur aliipasha divai moto kati ya digri 50 na 60, wala hakuiacha ichemke, vidudu vikafa. Wengi walidhani ladha yake itapotea. Walakini divai ilipakiwa melini, nusu imepashwa moto, nusu haikupashwa. Baada ya miezi kumi baharini, iliyopashwa ilikuwa njema, na nyingine imeanza kuchacha.

Pasteur alikufa katika mwaka wa 1895. Hata leo maziwa hupashwa moto kwa njia hiyo yasiharibike.