Amedeo Avogadro: Mwanasheria Aliyetufundisha Kupima Gesi

Elimu ni bahari, na wapo waliozama humo wakatoka na lulu ambayo watu wa zama zao hawakuijua thamani yake. Mmoja wao ni Amedeo Avogadro, aliyezaliwa Turin, Italia, tarehe 9 Agosti 1776.

Ukoo wake ulikuwa wa wanasheria. Mwaka 1796 alihitimu udaktari wa sheria za Kanisa, akaishika kazi ya wazee wake. Lakini moyo wake ulielekea kwenye hesabu na fizikia, akajisomea, hata mwaka 1809 akawa mwalimu mjini Vercelli.

Huko, mwaka 1811, alitoa rai yake: gesi zozote mbili zenye ujazo sawa, zikiwa katika joto sawa na mkandamizo sawa, zina idadi sawa ya molekuli. Wakuu wa kemia hawakuijali. Mwaka 1820 alipewa uprofesa Turin, akaupoteza baada ya ghasia za siasa za 1821, akarudishwa 1834. Alifariki tarehe 9 Julai 1856, rai yake ingali imelala. Miaka 4 baadaye, katika mkutano wa wanakemia huko Karlsruhe, Ujerumani, Mwitalia mwenzake Stanislao Cannizzaro aliitetea, na polepole ulimwengu ukakubali.

Faida yake ni kubwa. Kila gesi ina fungu lake la uzito, liitwalo moli, na moli moja ya gesi yoyote hujaza nafasi ile ile. Basi ukijua uzito, umejua ujazo.

Nilipokuwa nikisomesha kemia Garissa, niliwapa wanafunzi hesabu ya mtungi wa gesi ya kupikia wa kilo 6. Tuichukue kuwa butani tupu, ambayo moli yake ni gramu 58. Gramu 6,000 ukizigawa kwa 58 unapata moli 103. Katika joto la Garissa, ambalo mchana hufika nyuzi 35, moli moja huchukua kama lita 25. Mtungi ule mdogo, basi, umebeba lita 2,575 za gesi!

Sasa tazama hatari yake. Chumba cha mita 3 kila upande kina lita 27,000. Butani ikifika sehemu 2 katika 100 za hewa, cheche moja yatosha kuilipua. Hizo ni lita 540, yaani moli zisizotimia 22, uzito wa kilo moja na robo tu. Tena moli ya hewa ni gramu 29, nusu ya butani. Kwa hiyo gesi ikivuja hutambaa sakafuni, pale pale tunapoweka jiko la makaa na chetezo cha udi.

Kwa hiyo, ukisikia harufu ya gesi nyumbani, usiwashe moto wala taa. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, watoe watoto nje.

Mwaka 1909 Mfaransa Jean Perrin aliipa idadi ya molekuli zilizomo katika moli moja jina la Avogadro. Mwenyewe alikuwa kaburini zaidi ya miaka 50, lakini elimu yake inaendelea kutulindia majumba yetu.