Elijah Masinde: Staa wa Ball Aliyegoma Kung'oa Magugu, Mkoloni Akampeleka Mathari

Ukishuka stage ya Kimilili uulize wazee kuhusu Elijah Masinde, jipange kukaa. Hiyo story haiishi leo wala kesho. Wasee wengi wa rika letu wanamjua tu kama yule nabii wa Bungoma, mzee wa Dini ya Msambwa. Lakini noma yake na serikali iliwaka juu ya kitu kidogo sana: magugu ya shamba.

Masinde alizaliwa karibu mwaka wa 1910 hapo Kimilili, chini ya Mlima Elgon, ule Wabukusu huuita Masaba. Alilelewa kwa kanisa la Quaker. Kabla ya mambo ya unabii, jamaa alikuwa moto uwanjani. Alichezea Kenya dhidi ya Uganda kwenye Gossage Cup, mashindano yaliyozaa CECAFA ya leo. Baadaye akapata kazi ya kupeleka samansi za korti ya wenyeji. Alipooa bibi wa pili, yeye na kanisa wakaachana.

Sasa cheki hali ilivyokuwa. Upande wa Kitale, Trans Nzoia ilikuwa imegeuzwa mashamba ya masetla, na Wabukusu wengi walikuwa huko kama maskwota. Vita vya Pili vya Dunia vilipochacha, serikali ikaanza kushika vijana kwa nguvu wakafanye kazi kwa hayo mashamba. Huku nyumbani nako, maafisa wa kilimo wakaja na amri yao: kila mtu ang'oe Mexican marigold, lile gugu la maua madogo yenye harufu kali. Asili yake ni Amerika, si Elgon. Lakini ukikataa kuling'oa, kesi ni yako.

Mwaka wa 1944 Masinde akakataa. Hakutaka kusikia mambo ya magugu wala ya kazi ya lazima, na ikawa vita kati yake na watu wa chifu. Mwaka uliofuata alishtakiwa, ikaamuliwa kwamba akili yake si sawa, akapelekwa Mathari huko Nairobi. Alitoka 1947, na moto wake haukuwa umepungua hata kidogo.

Mwaka huo huo alikusanya umati Chetambe, kile kilima cha karibu na Webuye ambapo Waingereza waliua Wabukusu wengi mwaka wa 1895. Kuwakumbuka hao waliokufa, mbele ya mkoloni, ilikuwa kama kutangaza vita. Februari 1948 polisi walifyatulia umati risasi pale Malakisi, watu 11 wakafa. Dini ikapigwa marufuku. Masinde akashikwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Mtu wa mlimani akatupwa baharini, na hakurudi nyumbani hadi uhuru ulipokaribia.

Ungedhani uhuru ungemtuliza. Wapi! Dini yake iliruhusiwa 1964, ikapigwa marufuku tena 1968, safari hii na serikali ya Waafrika wenzake. Aliingia na kutoka jela hadi uzeeni, akafariki 1987.

Tusimpake sukari. Wafuasi wake walilaumiwa kwa kuchoma nyumba na majengo, na yeye hakuwa mtetezi wa mazingira vile tunavyowajua leo. Na kusema ukweli, kung'oa magugu si ushauri mbaya kwa mkulima. Shida ilikuwa vile ushauri ulikuja: na karao, na kesi, kutoka kwa wale wale waliokalia ardhi nzuri. Hapo hata jambo la maana linanuka.

Sasa linganisha. Mwaka wa 1983, Masinde akiwa bado hai, mradi wa Waswidi wa Vi ulianza kazi ya miti pande za Kitale. Hawa walikuja na miche na mafunzo, wakaongea na wakulima. Mwaka wa 2014, wakulima wadogo wa magharibi ya Kenya, wakiwemo wa Bungoma, waliingia kwenye historia ya dunia: mradi wao ukapewa kredits za kaboni kwa kutunza udongo. Mboji, miti katikati ya mahindi, kuacha mabaki ya mavuno shambani. Udongo ni wa pande zile zile ambako baba zao walitishwa na korti juu ya magugu.

Lakini swali la Masinde bado liko mezani. Akija msee na sola, biogesi, jiko jipya ama doo ya kaboni, nani ameamua, na nani anakula? Mkulima wa Kimilili akiulizwa kwanza, atapanda mti na kuutunza mwenyewe. Akiamrishwa, huenda ukapata Elijah mwingine amesimama pale kwa shamba, mikono mfukoni.