Baharia wa Mji Usio na Bahari

Katika ukurasa huu nataka niwaeleze habari za mtu mmoja aliyefariki zamani, ambaye wapenzi wa michezo duniani wanamjua lakini hapa kwetu Kwale ni nadra kumsikia akitajwa. Sisi tukizungumza Olimpiki tunazungumza riadha, na ni haki yetu. Mimi nimemchagua mwogeleaji kwa sababu sisi ni watu wa bahari, na kisa chake kinatuhusu.

Mtu huyo ni Alfréd Hajós. Alizaliwa mjini Budapest, nchi ya Hungaria, tarehe 1 Februari 1878, na jina lake la kuzaliwa lilikuwa Arnold Guttmann. Alipokuwa na umri wa miaka 13, babake alikufa maji katika mto Danube. Hebu fikirini! Hapa kwetu, kuanzia Diani hadi Msambweni na Shimoni, mtoto aliyefiwa na baba baharini aghalabu huambiwa asisogelee maji tena. Siwalaumu wazee, maana aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Lakini kijana huyu alifanya kinyume. Msiba ule ulimfanya aone kwamba ni lazima awe mwogeleaji hodari, basi akajifunza kwa bidii. Alipoingia mashindanoni akajiita Hajós, neno ambalo kwa Kihungaria maana yake ni baharia. Baharia wa mji usio na bahari!

Mwaka 1896 Michezo ya Olimpiki ya kwanza ya zama hizi ilifanyika Athens, Ugiriki. Hajós alikuwa na miaka 18 tu, akisomea usanifu wa majengo. Siku zile hakukuwa na bwawa lililojengwa kwa mashindano hayo. Waogeleaji walishindana baharini, katika ghuba ya Zea karibu na bandari ya Piraeus. Ilikuwa tarehe 11 Aprili na maji yalikuwa baridi, kama digrii 13 hivi. Maji yetu hata wakati wa kusi huwa kama digrii 25, na bado tunatetemeka!

Kwanza alishinda mita 100 kwa dakika 1 na sekunde 22.2. Siku hiyo hiyo akaingia mbio ndefu ya mita 1,200, yaani sawa na kuzunguka uwanja wa riadha mara tatu, lakini ndani ya bahari iliyochafuka. Mashua ziliwapeleka mbali, wakaachwa huko warudi nchi kavu kwa mikono na miguu yao. Hajós alikuwa amejipaka mafuta mazito mwili mzima ili kuzuia baridi, lakini wapi! Baridi ilipenya. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, naye akaogelea. Alifika kwa dakika 18 na sekunde 22.2, akamwacha Mgiriki aliyemfuata, Ioannis Andreou, kwa zaidi ya dakika mbili na nusu. Baadaye alisimulia kwamba kule majini hamu ya kuishi ilimzidi hamu ya kushinda.

Jambo hilo ndilo lililonigusa sana. Bingwa wa dunia alikuwa anaogelea ili asife, kama babake alivyokufa. Nikakumbuka Mtongwe, ambako tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka, wakafa watu 272, na nchi kavu haikuwa mbali. Sisemi kwamba kila ajuaye kuogelea angepona, la. Feri ikipinduka watu hubanwa na hung'ang'aniana. Nasema tu kwamba maji hayamuulizi mtu kama yeye ni mwanamichezo au ni abiria anayekwenda kazini.

Hajós aliporudi nyumbani, mkuu wa chuo chake hakumpongeza. Alimwambia kwamba medali zake hazimhusu, anachongojea ni majibu yake ya mtihani. Walimu wetu msicheke! Kijana hakukasirika, alisoma akawa msanifu wa majengo. Tena mwaka 1902 aliichezea Hungaria kandanda. Mwaka 1924, katika Olimpiki ya Paris, yeye na mwenzake Dezső Lauber walipata medali ya fedha kwa ramani ya uwanja wa michezo, kwani wakati huo sanaa nayo ilishindaniwa. Kisha akachora bwawa kubwa la kuogelea la Budapest, lililofunguliwa mwaka 1930, na ambalo sasa lina jina lake. Alifariki mwaka 1955. Mtoto wa mtu aliyekufa maji aliwaachia watoto wa wenzake mahali salama pa kujifunzia kuogelea.

Ndugu zangu, miongoni mwetu wapo waliozaliwa hatua chache kutoka ufuoni na hawajui kuogelea, wavulana kwa wasichana. Ombi langu kwa walimu na wazazi ni hili: tufundishwe, maji yakiwa shwari ndani ya mwamba, na mtu mzima anayeijua bahari akitutazama. Bwawa la kifahari hatuna, lakini hata Hajós alipata ushindi wake baharini. Kumkataza mtoto maji hakumwondolei bahari mlangoni.

Kwa leo naweka kalamu chini.